Hesabu ya Posho: Nyayo za Msafara wa 1888 Hadi Ziwa Turkana

Misafara iliyotoka Pangani karne ya 19 ilikuwa na hesabu moja iliyotangulia bunduki na ramani, nayo ni posho. Mpagazi alipimiwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo, na mabegani alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Aliyebeba mzigo wa nafaka angeweza kujilisha mwenyewe kwa karibu wiki sita. Ila hakuwa peke yake. Wenzake walibeba shanga, merikani, nyaya za shaba, hema na risasi, na jua likitua wote walitaka kula. Mzigo uleule uliwatosha watu 40 kwa siku moja tu. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa pembe walishika njia zenye wakulima wa kuwauzia chakula. Kupita nje ya njia hizo kulikuwa kamari.

Mwaka 1887 kabaila wa Hungaria, Samuel Teleki, aliamua kuicheza kamari hiyo. Aliondoka pwani na mamia ya wapagazi, pamoja na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria aliyechora ramani na kuandika habari za safari. Pangani walimpata Jumbe Kimemeta, tajiri wa pembe ambaye Joseph Thomson naye alikuwa amesafiri pamoja naye mwaka 1883. Shabaha yao ilikuwa ziwa kubwa la kaskazini, ambalo habari zake zilikuwa zimekwisha kufika pwani zamani. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha maelezo ya njia za misafara, mengi akiwa ameyapata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Ziwa hilo lilikuwa limetajwa humo kwa jina la Samburu.

Mimi nimeifuata njia yao kwa gari, kutoka Baringo kupitia Maralal na Baragoi hadi Loiyangalani. Ukiwa Baringo unaelewa kwa nini walikaa pale muda mrefu. Ng'ambo ya hapo hapakuwa na shamba, kwa hiyo watu walirudishwa hadi Ukikuyuni kutafuta nafaka. Februari 1888 wakaelekea kaskazini.

Mbele ya Baragoi, South Horr humlaghai mgeni. Vijito vinateremka kutoka Mlima Nyiro, miti imefunga kivuli, na mtu husahau kwamba yuko ukingoni mwa jangwa. Ukipita Kurungu miti inapungua, kisha inakwisha kabisa. Yanabaki mawe meusi ya volkano, makali, yenye moto wa jua, hadi ufukweni. Gari linakwenda mwendo wa mtu, na hapo ndipo unapowafikiria watu waliopita peku au kwa ndala za ngozi, na kilo 30 mabegani. Penye maji ya mbali misafara ilifanya tirikeza: kuondoka alasiri, kulala bila maji, na kuyafikia asubuhi ya pili. Ng'ambo ya Nyiro karibu kila mwendo ulikuwa wa namna hiyo.

Tarehe 5 Machi 1888 wakaliona ziwa, na kesho yake wakafika ukingoni. Watu wakatupa mizigo, wakakimbilia maji. Yalikuwa ya magadi. Yanyweka, lakini kiu haikatiki. Kutoka hapo waliambaa na ufuko wa mashariki kuelekea kaskazini, nafaka ikipungua siku hata siku, huku wakiishi kwa tembo na vifaru waliopigwa risasi. Höhnel alishikwa na kuhara damu. Watu wa El Molo waliowakuta walikuwa wachache, wakila samaki na viboko wa ziwa lilelile. Walikuwa na riziki ya kuwatosha wao wenyewe, si ya kuuzia mamia ya wageni.

Mnamo Aprili wakawafikia Wadassanech, kaskazini mwa ziwa, waliolima mtama na kuukubali ushanga. Kibaba kikarudi. Lakini njia ya kuzunguka ziwa ilishindikana, ikawabidi kurudi walikotoka, kisha kuingia nchi ya Waturkana na Wapokot, wafugaji wasio na nafaka ya kuuza. Huko ndiko hesabu ilipoharibika kabisa. Wapagazi walianguka njiani kwa njaa, na wengi hawakuinuka. Waliobaki waliingia Mombasa Oktoba 1888.

Miaka 46 baadaye ziwa lilionyesha upande wake mwingine. Mwaka 1934 Vivian Fuchs, yule aliyekuja kuongoza msafara wa kuvuka Antaktika, aliwapeleka wenzake wawili kwenye Kisiwa cha Kusini. Mashua yao ilikuwa ndogo, na upepo wa kusini-mashariki hapa huvuma kwa nguvu kupita kiasi. Hawakurudi, wala miili yao haikuonekana. Leo upepo huohuo unazungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Mjini kuna maduka, na unga unaletwa kwa lori. Jangwa limebaki lilelile. Kilichofika ni soko.

Teleki aliliita ziwa kwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, aliyefariki Januari 1889 bila kuliona. Jina hilo lilidumu hadi 1975, Kenya ilipoliita Turkana. Vitabu vingi bado vinasema Teleki alilivumbua. Vingeweza kusema jambo la hakika zaidi: alifuata habari zilizokwisha kuandikwa kutoka kinywani mwa mtu wa Gazi, akabebewa mizigo na watu ambao wengi wao hawakufika nyumbani, na akarudi hai kwa sababu Wadassanech walikubali kumuuzia mtama.