Ukarimu Usio na Hati: Sera ya Nje ya Tanzania na Haki za Binadamu Ikitazamwa kutoka Kamachumu

Sera ya nje ya Tanzania imezoeleka kuandikwa kutokea Dar es Salaam, na mara nyingi huandikwa kama wasifu wa Mwalimu Nyerere: kauli zake, marafiki zake, wale aliogombana nao. Makala hii inaitazama sera hiyo kutokea Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, na mkoa wa Kagera kwa jumla, kwa sababu huku ndiko maamuzi ya Ikulu kuhusu majirani zetu yalikotekelezwa na kulipiwa. Ninachodai ni hiki. Tangu uhuru, Tanzania imetenda mema makubwa kuliko uwezo wake katika migogoro ya kimataifa, lakini imekwepa kuyaweka mema hayo katika sheria ambayo mnyonge angeweza kuishika mkononi na kuidai. Yamebaki kuwa hiari ya aliyeko madarakani. Hiari hiyo ilipogeuka, waliokuwa wakiitegemea hawakuwa na pa kukata rufaa.

Uwezo huo ni mdogo, ingawa Tanzania si ndogo kwa eneo. Udogo unaozungumzwa hapa ni wa nguvu: nchi isiyoweza kumlazimisha mkubwa yeyote, na ambayo bajeti yake kwa muda mrefu imesubiri wafadhili. Hata hivyo, Desemba 1965 ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, ikijua kuwa mkopo wa pauni milioni 7.5 ungepotea, na kweli ukapotea. Tarehe 13 Aprili 1968 ikaitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, ya kwanza kufanya hivyo Afrika. Hatua hiyo ya pili ina uzito zaidi kwa hoja yetu. Kuupinga ubaguzi wa Wazungu kusini mwa bara kulikuwa msimamo wa Afrika nzima, angalau kwa maneno. Kuitambua Biafra kulikuwa kuisuta serikali ya Kiafrika mbele ya wenzake kwamba raia wanaohofia kuangamizwa hawawezi kulazimishwa umoja wasioukubali. Waliosema Mwalimu alikosea kuhusu Nigeria wana hoja, na historia ya baadaye ya nchi hiyo inawapa nguvu kiasi. Lakini hata wao hawawezi kusema alitafuta faida.

Kagera iliingia katika hesabu hiyo Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote nchini Uganda. Tanzania ilikataa kumtambua Amin na ikampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walijaribu kurudi kwa silaha wakitokea upande wetu, wakashindwa, na ndege za Uganda zikaangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulituliza mambo bila kuyamaliza. Mwaka 1975 Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia kikao cha wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kilichofanyika Kampala, na serikali yetu ikauliza waziwazi kwa nini Umoja huo unapiga kelele Mwafrika akiuawa na kaburu lakini unanyamaza akiuawa na Mwafrika mwenzake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin likavuka mpaka, likalikalia eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, kiasi cha kilometa za mraba 1,800, na Amin akatangaza kuwa mto ndio mpaka mpya. Watu waliuawa, wanawake wakachukuliwa, ng'ombe wakaswagwa kuelekea Uganda, kiwanda cha sukari kikaporwa, na daraja la Kyaka likalipuliwa tarehe 3 Novemba. Waliosalimika walikimbilia kusini na vifurushi vichwani. Siku moja kabla ya daraja kulipuliwa, Rais aliwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Hakuna mtu wa Kagera aliyehitaji kuelezwa hiyo sababu.

Jeshi letu halikuishia mpakani. Masaka ilitekwa Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapema Juni vita vilikuwa vimekwisha. Swali la mwanasheria ni kwa haki gani askari wa Tanzania walifika hadi mpaka wa Sudan. Serikali ilijibu kwa kutenganisha vita viwili: vya Watanzania, kumtoa mvamizi na kumwadhibu asirudi tena, na vya Waganda wenyewe, kumwondoa dikteta wao. Ni jibu la werevu, ila halikidhi, kwani bila mizinga ya vita vya kwanza vile vya pili visingefika popote. Miezi michache kabla, Vietnam ilikuwa imeingia Kambodia na kuuangusha utawala wa Pol Pot, ikaambulia kutengwa na dunia kwa karibu muongo mzima. Tanzania haikutengwa. Uingereza iliitambua haraka serikali mpya ya Uganda ya Yusuf Lule, na lawama kubwa zilisikika Monrovia, Julai 1979, kwenye kikao cha wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walipoishutumu Tanzania kwa kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Tanzania ilijitetea kwa hoja ya kujilinda. Ilieleza uovu wa Amin kwa kirefu, lakini haikusema mauaji ya raia wa Uganda yalitosha, peke yake, kuwa msingi wa kisheria wa kuingilia kati.

Kikao hichohicho cha Monrovia, kilichoikaripia Tanzania, ndicho kilichomwagiza Katibu Mkuu wa Umoja aitishe wataalamu kuandaa rasimu ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Bara lilikuwa linaanza kutafuta kanuni. Nchi iliyokuwa na ushahidi mzito kuliko zote, iliyotoka kulipa kwa damu na fedha, ingeweza kusimama na kuitaja kanuni hiyo kwa jina lake, pamoja na masharti ya kuizuia isitumiwe vibaya. Haikufanya hivyo. Ilibidi isubiriwe Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, Kifungu cha 4(h), ndipo haki ya Umoja kuingilia kati penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu iandikwe. Kati ya Monrovia na Lomé kulipita miaka 21, na ndani yake Rwanda.

Watetezi wa Mwalimu watasema kunyamaza kule kulikuwa busara. Nchi ndogo ikishatangaza kwamba uovu wa mtawala ni leseni ya kumvamia, mkubwa ataitumia leseni hiyo kesho, na Angola na Msumbiji zilikuwa jirani na Afrika Kusini ya makaburu. Pingamizi hili ni zito. Lakini linathibitisha tu kwamba kanuni ilihitaji mipaka: nani aamue, kwa ushahidi gani, nani awajibike kwa yatakayotendwa vitani. Kukaa bila kanuni hakukuzuia wakubwa kuvamia walipotaka, na wala makaburu hawakusubiri ruhusa kutoka Dar es Salaam. Kulichozuia ni uwajibikaji wetu wenyewe. Sehemu kubwa za Masaka na Mbarara zililipuliwa na jeshi letu kwa kisasi cha yaliyotendwa Kagera, na jambo hilo halijawahi kuwa na mahali pa kuulizwa, kwa sababu vita vya kujilinda, kwa jinsi tulivyovieleza, vilikuwa baina yetu na Amin basi.

Gharama zilibaki huku. Taifa liliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18, nao mkanda haukufunguliwa. Katika wilaya ya Muleba, Kaboya, wamezikwa mamia ya askari waliokufa katika vita hivyo. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa kutoka Kagera, katika hospitali ya Ndolage, hapahapa Kamachumu. Kama vita vilichangia kuuleta ugonjwa ni jambo linalobishaniwa, na hoja yangu haiegemei hilo. Ninachosisitiza ni kwamba wananchi waliolipia sera ya haki za binadamu kwa kiwango hiki walistahili kuachiwa zaidi ya kumbukumbu.

Wasomaji wa Buhaya wanajua vizuri tofauti ninayoizungumzia, kati ya wema na haki, kwa sababu waliishi chini ya nyarubanja, mfumo wa ardhi ya mabwana. Mtwarwa, yaani mpangaji, aliyekaa kwenye kibanja cha bwana mwema alikula ndizi zake, akauza kahawa yake na kuzeeka kwa amani. Bwana akifa, au akikosana naye, mtwarwa aligundua kwamba migomba aliyoipanda kwa mikono yake haikuwa ulinzi. Serikali ya TANU haikuridhika kwamba mabwana wengi walikuwa watu wema. Mwaka 1965 ilipitisha sheria ya kuwapa watwarwa hao haki juu ya ardhi. Cha kushangaza ni kwamba sheria ya wakimbizi iliyotungwa mwaka huohuo, Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi, ilifanya kinyume kabisa: ilimpa waziri mamlaka mapana juu ya mahali mkimbizi atakapokaa na lini ataondolewa, na ikamwachia mkimbizi haki chache mno. Kile ambacho taifa lilikikataa kwa mkulima wa Ihangiro, huku Buhaya, lilikiandikia mgeni.

Bwana alipokuwa mwema, mambo yalikuwa mazuri sana. Mwaka 1980 makumi ya maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa wamekimbia machafuko ya kuanzia 1959 walipewa uraia, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa nishani ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, na wenyeji wakajikuta wachache katika wilaya yao. Walipokelewa. Lakini Machi 1995 mpaka na Burundi ulifungwa, na tarehe 5 Desemba 1996 tamko la pamoja la serikali na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa likawataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walitoka kambini wakaelekea ndani ya Tanzania badala ya Rwanda. Jeshi na polisi wakawageuza kuelekea Rusumo. Tanzania ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Wakimbizi wa Afrika wa 1969, unaokataza kumrudisha mtu kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Hakuna aliyeulizwa, mmoja mmoja, kama anahofia kurudi.

Hapa pingamizi lina uso wa kweli. Kambini walikuwamo wauaji, wakiwatawala wenzao kwa vitisho. Misitu ya Ngara na Karagwe ilikatwa, visima vikakauka, wizi wa silaha ukaongezeka. Nayo mataifa tajiri, yaliyotazama mauaji ya kimbari bila kuinua mkono, yalikuwa yamechoka kutoa chakula. Mkuu wa wilaya aliyeyaona hayo hakuhitaji mhadhara kutoka Geneva. Nakubali yote hayo. Hata hivyo sheria ya wakimbizi yenyewe inaruhusu muuaji atengwe na kunyimwa hifadhi. Inachokataza ni kumhukumu mtoto wa Byumba, Rwanda, kwa dhambi za kiongozi wa kambi. Kuchambua watu mmoja mmoja ni kazi ghali, lakini tayari tulikuwa tumefanya kazi ghali kuliko hiyo mwaka 1979. Na kama wakubwa nao huvunja sheria hizi, tuangalie pia wanavyozuiwa: mpango wa Uingereza wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda ulikwama Novemba 2023 mbele ya Mahakama yao ya Juu. Huko kulikuwa na mlango wa kubisha.

Mwaka 2013 unaonyesha kwa ukaribu kasoro hii ya wema usio na sheria. Tanzania ilikuwa imepeleka askari Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa dhidi ya waasi wa M23, na Mei mwaka huo Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, ushauri uliopokelewa Kigali kwa ghadhabu. Tarehe 25 Julai alikuwa Kaboya kwa maadhimisho ya Siku ya Mashujaa. Katika ziara hiyohiyo ya Kagera aliwapa wahamiaji haramu majuma mawili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa waliobaki. Makumi ya maelfu waliondoka au waliondolewa. Miongoni mwao walilalamika watu walioishi Kagera kwa miongo, waliooa na kuolewa hapa, na wengine waliodai kuwa na uraia wa enzi za Mwalimu. Serikali ina haki ya kusimamia mipaka yake, na malalamiko ya wakulima wa Kagera dhidi ya makundi makubwa ya ng'ombe wa wahamiaji hayakuwa ya kubuni. Lakini uraia unaoweza kutiliwa shaka kwa sababu marais wawili wamekosana si uraia, ni ukaribisho.

Palikuwapo mahali pa kudai haki, na palikuwa Arusha. Machi 2010 Tanzania iliweka tamko chini ya Kifungu cha 34(6) cha Itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, likiwaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja. Machi 2018 Mahakama hiyo iliamua kesi ya mtu aliyevuliwa uraia wa Tanzania, akafukuzwa kwenda Kenya, Kenya ikamkataa, akabaki anaishi katikati ya vituo viwili vya mpaka; ikasema haki zake zimevunjwa. Ni kesi ambayo wengi wa Kagera wangeielewa bila kufafanuliwa. Novemba 2019 serikali ikaliondoa tamko lake. Mahakama ya Afrika Mashariki ingali wazi kwa wakazi wa nchi wanachama, lakini haikupewa mamlaka kamili ya haki za binadamu, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, iko mbali na kazi yake ni ya mapendekezo. Serikali ikitaka msimamo wake kuhusu Kongo, Sudan au Palestina usikike kama kanuni na si kama hiari ya msimu, ianze na lililo ndani ya uwezo wake: ilirudishe tamko la Kifungu cha 34(6), na Bunge lipitie upya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, ili anayetakiwa kuondoka nchini apewe kwanza siku yake mahakamani, Bukoba au Arusha.