Nani Anakula Salio? Historia Fupi ya Programu Zinazokata Hela Bila Ruhusa

Salio likiisha bila mtu kupiga simu, hapa kambini tunasema mtandao umekula. Mara nyingine tunamlaumu mtoto aliyeazima simu kucheza gemu. Kumbe wizi huu una historia yake, na sisi wenye simu za bei nafuu tumo ndani yake kuliko tunavyofikiri.

Ulianza kabla ya simu za kugusa kioo. Mwaka 2006 huko Urusi ilionekana programu iitwayo RedBrowser, ya simu zile za vitufe. Ilijidai inafungua kurasa za intaneti bure kwa njia ya meseji tu. Nani asingependa? Na kweli ilituma meseji, ila kwenda namba za malipo maalumu, na kila moja ilimkata mwenye simu kama dola 5 au 6. Mwaka 2010, Android ikiwa bado changa, Warusi hao hao wakaletewa FakePlayer iliyojifanya ya kuchezea video. Mbinu ile ile. Oneni jambo moja: hapo kadi ya benki haikuhitajika. Salio lenyewe ndilo lilikuwa kadi.

Wenye kadi nao walifikiwa, kwa mlango mwingine. Duka la programu la Apple lilifunguliwa 2008, na kadi ikishasajiliwa humo, malipo yanapita bila kuandika namba upya. Tatizo la kwanza halikuwa hata la matapeli. Ukiandika nenosiri mara moja, kwa dakika 15 aliyeshika simu aliweza kuendelea kununua, na mara nyingi alikuwa mtoto. Januari 2014 tume ya biashara ya Marekani iliifanya Apple ikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5. Baadaye matapeli wakaja na yao. Disemba 2018 zilionekana programu za mazoezi na kalori zikimwambia mtu aweke kidole kwenye simu ili apimwe. Kidole kikiwa pale pale, linatokea dirisha la malipo, kwa mfano dola 119.99, na kidole kimeshakubali. Kwetu sisi huo ndio wizi wenye dharau kuliko wote: mwenye mali anasainishwa bila kujua.

Kwa wasio na kadi, wizi uliendelea kwenye salio. Familia ya programu iitwayo Joker ilianza kufuatiliwa na Google mwaka 2017. Mwanzo ilituma meseji. Google ilipobana ruhusa ya meseji, ikahamia kwenye malipo ya kubofya. Hayo yanakwenda hivi: ukiwa kwenye data, siyo wifi, kampuni ya simu inaijua laini yako, kwa hiyo ukibofya tu unakatwa. Joker inafungua ukurasa huo kwa siri, inabofya yenyewe, na namba ya uthibitisho ikija inaisoma na kuijaza. Januari 2020 Google ilisema imeshaondoa programu 1,700 za aina hiyo kabla watu hawajazipakua.

Lakini habari ya Agosti 2020 ndiyo inayotugusa. Watafiti wa Upstream walikuta kwenye simu za Tecno W2 virusi viwili, Triada na xHelper, vilivyokuwemo tangu dukani. Yaani mtu hakupakua kitu! Simu hizo zilikuwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Tangu Machi 2019 walikuwa wamezuia miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000. Hata ukifuta kila kitu simu irudi kama ilivyotoka kiwandani, xHelper ilibaki. Tecno ilijibu kuwa ni tatizo la zamani na marekebisho yalitolewa 2018. Sawa, lakini sasisho linakula bando. Mama anayenunua bando la siku moja ili aongee na watoto wake walioko mbali, atalimalizia kwenye sasisho?

Kwa hiyo akija mtu analalamika salio, hatumwambii tena mtandao umekula. Tunampigia huduma kwa wateja akiwa hapo hapo na simu yake, tunaomba wataje huduma zote laini yake imeunganishwa, na tunaomba zifungwe. Halafu tunaangalia programu moja moja, tukianza na zile ambazo mwenyewe hakumbuki kuziweka. Na ndugu zetu wa mashirika, mkija kugawa simu, tuambieni zimenunuliwa wapi na kama zimesasishwa.