Pumu ya ngozi kwa watu wazima: Muwasho, usingizi na mtego wa mkorogo

MTU mzima anayejikuna mbele za watu hupewa majina mengi kabla ya kupewa dawa. Wapo watakaosema ana damu chafu, wapo watakaosema haogi, na wapo watakaomkwepa kimya kimya kwa kudhani kuwa ngozi yake inaambukiza. Mara nyingi kinachomsumbua ni pumu ya ngozi, ugonjwa usioambukiza hata kidogo, ambao jamii imezoea kuuona kwenye mashavu ya watoto wachanga na kwenye mikunjo ya viwiko vya wanafunzi wa shule ya msingi.

Ugonjwa huu, ambao wengine huuita ukurutu au ekzema, huwapata watoto hadi 20 kati ya 100 katika baadhi ya nchi. Wengi wao hupata nafuu kadiri wanavyokua, na hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba ni maradhi ya utotoni. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa watu wazima kati ya wawili na 10 katika kila 100 wanaishi nao. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne miongoni mwa watu wazima hao husema hakuwahi kuwa nao alipokuwa mtoto, ulimwanza ukubwani.

Neno "atopia", ambalo ndilo msingi wa jina la kitaalamu la ugonjwa huu, lilianza kutumika mwaka 1923 kwa kazi ya Wamarekani wawili, Arthur Coca na Robert Cooke, waliotaka kueleza hali ya kurithi ambapo mwili hushtushwa na vitu vya kawaida kama vumbi na chavua. Miaka 10 baadaye, mwaka 1933, Fred Wise na Marion Sulzberger walilihusisha na ugonjwa wa ngozi. Kiswahili kimeyasema hayo yote kwa maneno matatu: pumu ya ngozi. Jina hilo ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa pumu ya kifua, mafua ya mzio na ugonjwa huu huandamana ndani ya ukoo mmoja, na mara nyingine ndani ya mtu mmoja.

Ukuta wenye nyufa

Ngozi yenye afya hufanana na ukuta, ambapo seli za tabaka la juu ndizo matofali na mafuta ya asili ndiyo saruji. Kwa mwenye pumu ya ngozi, ukuta huo una nyufa. Maji hutoka kwa urahisi na ngozi hukauka, huku sabuni, vumbi na vijidudu vikipata upenyo wa kuingia. Kinga ya mwili huvipokea kwa ukali uliopita kiasi, na matokeo yake ni uvimbe na muwasho. Mgonjwa hujikuna, kucha huongeza nyufa, na muwasho hurudi ukiwa mkali zaidi.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, pamoja na wenzao wa Ireland, walibaini kwamba kasoro katika jeni inayotengeneza protini iitwayo filagrini humweka mtu katika hatari kubwa ya kupata ugonjwa huu. Ugunduzi huo ulieleza mengi kuhusu wagonjwa wa Ulaya. Miongoni mwa Waafrika kasoro hizo ni adimu, ilhali ugonjwa wenyewe si adimu. Kwa hiyo nyufa za ukuta huu zina chanzo zaidi ya kimoja.

Mazingira nayo huchochea. Jasho la Dar es Salaam na Mombasa huwasha. Baridi kavu ya Nairobi na ya nyanda za juu mwezi Julai hukausha. Msongo wa mawazo huongeza muwasho. Kuoga kwa maji ya moto sana, kujisugua kwa dodoki, kutumia sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia, na kumimina dawa ya kuua vijidudu katika ndoo ya kuogea huondoa hata yale mafuta machache yaliyobaki. Inasikitisha kwamba mgonjwa aliyeambiwa ni mchafu hufanya mambo hayo yote kwa bidii kubwa zaidi. Ama kuhusu chakula, kwa mtu mzima ni nadra mayai, samaki au maziwa kuwa ndiyo chanzo, na kujinyima vyakula hivyo bila vipimo humdhoofisha mgonjwa bila kuituliza ngozi.

Sura yake kwenye ngozi nyeusi

Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, hivyo alama ya kwanza inayotajwa ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, na tabibu asiyezoea anaweza kudhani kuwa ugonjwa ni mdogo kuliko ulivyo. Kwa Waafrika wengi hujitokeza kama vipele vidogo vidogo kuzunguka vinyweleo, ambavyo hudhaniwa kuwa vipele vya joto. Kwa mtu mzima hupenda kukaa kwenye kope, shingoni, mikononi, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Pale panapokunwa kwa miezi mingi ngozi hukomaa, huwa nene na mistari yake huonekana wazi.

Uvimbe unapotulia huacha mabaka, meusi kwa baadhi ya watu na meupe kwa wengine, ambayo huweza kudumu kwa miezi. Kwa wagonjwa wengi mabaka hayo huumiza moyo kuliko muwasho wenyewe, na ndiyo mlango wa tatizo jingine litakaloelezwa hapa chini.

Mzigo usioonekana

Pumu ya ngozi haiui kwa kawaida, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutopewa uzito. Lakini katika hesabu za kimataifa za mzigo wa magonjwa, ndiyo inayoongoza miongoni mwa magonjwa ya ngozi kwa kuwapotezea watu miaka ya kuishi wakiwa na afya njema. Muwasho huzidi usiku. Mtu anayeamka saa nane usiku kujikuna, kisha saa 10, hufika kazini akiwa amechoka kabla siku haijaanza, na hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa huathiri kazi, ndoa na hata usalama wa anayeendesha gari. Tafiti zimeonyesha kuwa watu wazima wenye ugonjwa huu hupata sonona na wasiwasi zaidi kuliko wenzao, na baadhi hufikia kuwaza kujiua.

Mwaka 1994 Andrew Finlay na mwenzake mjini Cardiff, Wales, walitunga dodoso la maswali 10 la kupima namna ugonjwa wa ngozi unavyoingilia maisha: kazi, mavazi, michezo, tendo la ndoa, hata kwenda dukani. Alama zake huanzia 0 hadi 30, na anayezidi 10 huhesabiwa kuwa maisha yake yameathirika sana. Dodoso hilo halina swali kuhusu kupeana mikono. Katika Afrika Mashariki, ambako salamu hutolewa kwa mkono, mtu mwenye viganja vilivyopasuka hujifunza kuitika kwa mbali, na wasiojua humwona ana maringo.

Mzigo ni mzito zaidi kwa wanaoishi kwa kazi za mikono. Wasusi, dobi, wauguzi, wapishi, wasafishaji na mafundi ujenzi hulowa maji, sabuni au saruji siku nzima. Aliyekuwa na pumu ya ngozi utotoni, hata kama ilitulia kwa miaka 15, yumo katika hatari kubwa ya kuiona ikirudi mikononi anapoanza kazi za namna hiyo.

Mtego wa mkorogo

Dawa iliyobadilisha tiba ya ugonjwa huu ni steroidi ya kupaka. Mwaka 1952 Sulzberger, yule yule aliyeshiriki kuupa ugonjwa jina, na mwenzake Victor Witten, walitangaza kwamba hidrokotisoni ya kupaka huutuliza. Tangu hapo zimetengenezwa steroidi kali zaidi, na kali kupita zote ni klobetasoli. Wanunuzi wengi hudanganywa na namba zilizoandikwa kwenye tyubu: klobetasoli ya asilimia 0.05 ina nguvu mara nyingi kuliko hidrokotisoni ya asilimia 1.

Klobetasoli hiyo hiyo huchanganywa katika krimu nyingi za kujichubua, zinazojulikana kwa jina la mkorogo, pamoja na haidrokwinoni na wakati mwingine zebaki. Nchini Tanzania vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku kwa miaka mingi. Usimamizi wake ulikuwa chini ya TFDA hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Pamoja na hayo vinaendelea kupatikana.

Mwanamke mwenye pumu ya ngozi anayetaka kufuta mabaka meusi shingoni hununua mkorogo, na ndani ya wiki moja muwasho unakoma. Anaamini amepata krimu inayoipenda ngozi yake, kumbe amejipaka steroidi kali bila kujua. Akiacha, ugonjwa hurudi kwa kishindo, mara nyingine ngozi ikiwaka kama iliyoungua, naye hulazimika kurudia. Baada ya miezi kadhaa ngozi huwa nyembamba kama karatasi, michirizi hutokea mapajani na kwapani, chunusi hujaa usoni, na choa huenea mwilini bila sura yake ya kawaida. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho. Ikipakwa mwili mzima huweza kupandisha sukari na kuzilemaza tezi zinazotengeneza homoni ya asili ya aina hiyo.

Wapo pia walioyaona madhara hayo kwa jirani na sasa wanaikimbia kila steroidi, hata ile waliyoandikiwa na daktari. Hupaka kidogo mno, kwa siku mbili, kisha huiacha kwa hofu, na ugonjwa hauishi. Katika kliniki, woga huu ni kikwazo kama ulivyo ukaidi wa wale wa kwanza.

Si kila muwasho ni pumu ya ngozi

Mtu mzima anayeanza kuwashwa kwa mara ya kwanza anastahili kuchunguzwa vizuri kabla ya kubandikwa jina la ugonjwa. Upele, unaosababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi, huwasha zaidi usiku na kwa kawaida huwapata watu kadhaa ndani ya nyumba moja. Virusi vya Ukimwi huweza kuleta vipele sugu vinavyowasha mikononi na miguuni, hivyo kipimo cha VVU ni sehemu ya uchunguzi. Muwasho usiokwisha kwa mzee unaweza, kwa nadra, kuwa dalili ya saratani ya ngozi inayotokana na chembe nyeupe za damu.

Mzio wa kugusa nao huchanganya. Katika mwambao, piko nyeusi inayopakwa maharusi huwa na kemikali ya rangi za nywele iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo hina halisi haina. Aliyewahi kudhurika nayo anaweza kuvimba uso miaka mingi baadaye kwa kutia nywele rangi. Saruji ina kromiamu, na bakoli za mikanda na vito vya bei nafuu vina nikeli.

Mafuta kwanza

Msingi wa tiba ni mafuta, tena mengi. Mtu mzima mwenye ugonjwa mwili mzima huhitaji gramu 250 au zaidi kwa wiki, kiasi ambacho wengi hukitumia kwa miezi miwili. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha na ni ya bei nafuu. Hupakwa ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji ya kuoga yawe vuguvugu na sabuni iwe ya upole.

Steroidi hupakwa mahali penye uvimbe tu, mara moja au mbili kwa siku hadi patulie. Kipimo chake ni rahisi: dawa inayofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili. Uso na mikunjo hupewa hidrokotisoni, mikono na miguu hustahimili dawa kali zaidi, na klobetasoli hubaki kwa siku chache chini ya uangalizi wa daktari. Kwa wanaorudiwa mara kwa mara, kupaka mara mbili kwa wiki pale panapopenda kuumuka hupunguza marudio. Usoni huweza kutumika pia marhamu ya takrolimusi, isiyofanya ngozi kuwa nyembamba, ingawa siku za mwanzo huunguza kidogo. Vidonge vya kuzuia mzio, vinavyouzwa sana madukani, husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Kupaka kukishindwa, daktari bingwa huweza kuandika methotreksati, siklosporini au azathioprini, zote zikihitaji vipimo vya damu mara kwa mara. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua. Vidonge au sindano za steroidi hutuliza haraka, lakini ugonjwa hurejea kwa nguvu zinapokoma.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dupilumabu, sindano ya kila wiki mbili inayozuia ujumbe wa kinga unaoamsha uvimbe, na mwaka 2022 vikafuata vidonge vya upadasitinibu na abrositinibu, ambavyo humlazimu mgonjwa kupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza. Dupilumabu ilipotoka, bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 37,000 kwa mwaka. Kwa mgonjwa wa kawaida wa Afrika Mashariki, dawa zilizo karibu ni zile za zamani, na mabingwa wa kuzisimamia ni wachache, licha ya kazi ya kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Kuna hali moja isiyosubiri miadi. Virusi vya malengelenge ya mdomoni vikiingia kwenye ngozi yenye pumu huweza kusambaa kwa siku chache: vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vyenye maumivu zaidi ya muwasho, pamoja na homa. Mgonjwa huyo anahitaji dawa ya asaikloviri siku hiyo hiyo, hasa vidonda vikiwa karibu na macho, na asipake steroidi juu yake hadi atakapoonwa na daktari.