Raia

Neno hili tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kundi linalochungwa: mchungaji na wanyama wake, mtawala na watu wake. Ndiyo maana nasita kila ninapolitumia kwa Katiba ya Marekani. Hati ile ya mwaka 1787 inafunguka kwa herufi kubwa kuliko zote ukurasani, na wanaosema ni watu wenyewe.

Lakini iliwataja raia bila kueleza ni akina nani. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilimwambia Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, kwamba mtu wa asili ya Kiafrika kama yeye hawezi kuwa raia. Hukumu chungu! Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipiganwe kwanza, ndipo Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yakatamka kuwa aliyezaliwa nchini humo au kupewa uraia, akiwa chini ya sheria zake, ni raia.

Tena msomaji atazame neno “mtu”. Marekebisho ya 5 hayasemi raia. Yanasema mtu yeyote asinyang'anywe uhai, uhuru wala mali bila utaratibu wa sheria. Mkongo anayesubiri karatasi zake kule naye ni mtu.