Foleni ya Busisi na kompyuta ya wengi

Aliyewahi kusafiri kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kabla ya mwaka 2025 anaijua foleni ya Kigongo na Busisi. Kilichochosha watu hakikuwa kuvuka ziwa, bali kungoja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na foleni ile ikawa historia. Lakini somo lake lingali hai ndani ya kompyuta zinazohudumia benki, hospitali na ofisi zetu.

Siku hizi kompyuta moja kubwa, yaani seva, hugawanywa kwa programu maalumu ikawa mashine pepe nyingi. Kila moja hujiona ina kompyuta yake peke yake, kumbe zote zimepanda kivuko kimoja.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi huko Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, wakati kompyuta zilikuwa ghali mno, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake wa VM/370. Matatizo nayo yalijitokeza mapema. Mwaka 1968 mtaalamu Peter Denning alieleza kwamba kompyuta iliyobebeshwa kazi kuliko kumbukumbu yake hutumia muda wake kupakia na kupakua, huku kazi yenyewe imesimama. Dawa mojawapo ilikuwa kupunguza kazi zinazoendeshwa kwa pamoja.

Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilileta ugawaji huu kwenye kompyuta za kawaida. Hapo likazuka jambo ambalo dereva wa lori la tela pale Busisi angelielewa upesi. Gari dogo hupenya kwenye nafasi yoyote iliyobaki; lori refu hungoja mpaka nafasi kubwa ipatikane. Katika programu zile za mwanzo, mashine pepe yenye prosesa zaidi ya 1 ilingoja prosesa za idadi hiyohiyo ziwe wazi kwa wakati mmoja, wakati yenye 1 inapita. Baadaye sharti hilo lililegezwa, lakini halikwisha kabisa.

Kwa hiyo fundi anayeambiwa kwamba mfumo ni mzito, akakimbilia kuuongezea prosesa, huenda anaurefusha ule ungojaji. Mara nyingine kupunguza ndiko kunakoharakisha. Kwanza aulize: mashine inangoja nini? Prosesa, kumbukumbu, diski au mtandao? Tena apime kwenye seva yenyewe, kwa maana abiria aliye ndani ya basi haoni urefu wa foleni yote.

Tanzania imewahi kulipia somo la kununua mitambo kabla ya kuielewa kazi yake. Mradi wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta ulikwama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mashine ilibeba lawama ya mipango.

Busisi palistahili daraja, maana kizuizi kilionekana kwa macho: maji. Ndani ya seva kizuizi hakionekani mpaka kipimwe. Ofisi inayotaka kununua seva mpya kwa fedha za umma itakiwe kwanza kuonyesha vipimo vya foleni yake. Kuuliza si ujinga, na ni nafuu kuliko kununua.