Namba za Intaneti: Namna Madaraja Matatu Yalivyofutwa

Barua iliyoandikwa Roma kwa katekista wa kapela moja katika pori la Maniema haisomwi yote kila mahali inapopita. Huko Roma watazama jina la Kongo tu. Kinshasa watazama jina la jimbo. Kwa askofu watazama jina la misioni. Na padri mkubwa wa misioni ndiye ajuaye kapela ile iko mto gani. Hakuna posta duniani yenye daftari la makapela yote. Twaomba wasomaji wetu waishike habari hiyo, kwa kuwa mambo tutakayoyaeleza hapa ni habari ya posta ya namna nyingine, posta ya kompyuta, iliyokaribia kuzama ndani ya madaftari yake yenyewe.

Kila kompyuta iliyounganishwa katika intaneti yatambulikana kwa namba. Namba hiyo ni ya biti 32, maana yake alama 32 za sifuri na moja zilizopangwa mstari mmoja. Kwa kuwa macho ya mwanadamu huchoka upesi, tumezoea kuiandika kwa mafungu manne, kama 192.0.2.17, na kila fungu laweza kuwa toka 0 mpaka 255. Ukizihesabu namba zote ziwezazo kuandikwa hivyo utapata 4,294,967,296. Katika Agosti 1981 kompyuta zilizokuwa katika mtandao ule zilikuwa 213 tu. Basi tusiwacheke waliodhani ya kuwa ghala yao haitakwisha.

Mwezi wa Septemba 1981 ikatolewa hati namba 791, iliyotengenezwa na Jon Postel, nayo ikazigawa namba katika madaraja. Daraja A lilikuwa na mafungu makubwa, kila moja la namba 16,777,216. Daraja B lilikuwa na mafungu 16,384, kila moja la namba 65,536. Daraja C lilikuwa na mafungu zaidi ya milioni mbili, lakini kila moja lilikuwa na namba 256 tu. Mashine zinazosimama njia panda na kuzielekeza habari, ambazo mafundi huziita ruta, zilitazama biti za kwanza za namba zikajua mara moja ni daraja gani, na kwa hiyo zikajua sehemu ipi ni jina la mtandao na sehemu ipi ni jina la kompyuta. Ilikuwa kazi rahisi na ya haraka, na kwa wakati ule mashine zilikuwa dhaifu.

Lakini tazameni pengo lililopo kati ya B na C. Mwenye kompyuta 300 daraja C halimtoshi. Basi huomba daraja B, na namba zaidi ya 65,000 zalala bure kama shamba lililopimwa na kuachwa liote magugu. Wala hakukuwa na mtu wa kumkataza.

Tengenezo la kwanza lilitoka katika chuo kikuu cha Stanford. Jeffrey Mogul aliona ya kuwa nyumba moja yenye mitandao mingi haina sababu ya kuomba fungu jipya kwa kila mtandao. Mwaka 1984 aliandika juu ya jambo hilo, na Agosti 1985 yeye pamoja na Postel wakatoa hati namba 950. Shauri lao ni hili: biti chache za upande wa kompyuta zichukuliwe ziwe jina la mtandao mdogo, na mashine za ndani zipewe namba nyingine iitwayo maski, ya kuzionyesha mahali pa kukata. Watu wa nje waendelea kuona mtandao mmoja. Wa ndani waona mingi. Ndiyo desturi ya askofu na misioni zake.

Ila kulikuwa na shida. Mara nyingi mitandao midogo yote ya fungu moja ilipaswa kuwa sawasawa, na watu hawako sawasawa. Tutoe mfano wa kubuni. Jimbo moja limepewa namba 256. Shule ya sekondari ina kompyuta 100, hospitali 50, prokura 20, seminari 10. Ukikata vipande sawasawa vya kuitosha shule, kila kipande kitakuwa cha namba 128, nawe utapata viwili tu. Hospitali itakula, prokura na seminari zitalala njaa. Lakini ukikata kwa kadiri ya haja, shule yapata 128, hospitali 64, prokura 32, seminari 16. Zimebaki 16, nazo zafanywa vipande vinne vya namba nne nne kwa ajili ya nyaya zinazounganisha nyumba na nyumba. Katika kila kipande namba mbili hazipewi kompyuta: ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kupiga mbiu kwa wote. Hata hivyo kila mmoja ameshiba, na hakuna namba iliyotupwa. Hiyo ndiyo kanuni ya maski za urefu mbalimbali.

Mbona basi haikufanyika tangu mwanzo? Kwa sababu ruta huambiana habari za njia, na lugha yao ya zamani haikutaja maski. Lugha ile iliyoitwa RIP, iliyoandikwa katika hati ya mwaka 1988, ilitaja namba ya mtandao tu, na msikilizaji akapaswa kubahatisha mpaka wake kwa kulitazama daraja au kwa kufikiri ya kuwa maski ya jirani ni kama yake. Ni kama kumwambia mtu, «Shamba la Petro laanzia mwembeni,» bila kumwambia linaishia wapi. Lugha ya OSPF ya mwaka 1989 ilitaja njia pamoja na maski yake, na RIP ya pili ya mwaka 1993 ikafuata. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha mambo yote: mpaka usisomwe katika namba, bali utajwe waziwazi.

Wakati huohuo hatari kubwa ilikuwa yakaribia. Kompyuta zilizokuwa 159,000 katika Oktoba 1989 zilifika 1,136,000 katika Oktoba 1992. Katika mkutano wa wahandisi wa intaneti uliofanyika Vancouver mwezi wa Agosti 1990, Frank Solensky aliwaonyesha wenzake hesabu: wakiendelea hivyo, daraja B lingekwisha Machi 1994. Na dawa iliyo karibu ilikuwa na sumu ndani yake. Kumpa mtu mafungu manane ya daraja C badala ya moja la B kungeokoa namba, lakini kungeandika mistari minane katika daftari la kila ruta kubwa ya dunia, na madaftari yale yalikuwa yamekwisha kujaa.

Kamati iliundwa mwishoni mwa 1991, ikatoa mashauri yake katika Machi 1992. Vince Fuller, Tony Li, Jessica Yu na Kannan Varadhan wakaandika hati ya kwanza Juni 1992, na katika Septemba 1993 ikatoka ile namba 1519, yenye kanuni iitwayo CIDR. Madaraja yakafutwa. Tangu hapo kila fungu huandikwa na mkwaju na hesabu ya biti zake za mbele: fungu la namba 256 ni /24. Mafungu manane yaliyofuatana barabara, ambayo pamoja ni namba 2,048, yaweza kutangazwa kwa mstari mmoja tu, /21. Na kama ruta ina mistari miwili inayoifaa namba moja, hufuata ule ulio na biti nyingi zaidi, kwa kuwa wajua mahali penyewe kwa karibu.

Ilibaki kuifundisha lugha ya ruta kubwa, yaani BGP. Lugha hiyo ilikuwa imezaliwa mwaka 1989, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter walipoichora juu ya karatasi za kupangusia mikono mezani (mambo makubwa hayangoji daima meza ya ofisi). Toleo lake la nne, lililotaja urefu wa kila fungu, liliandikwa katika hati ya 1994, likatengenezwa tena Machi 1995. Madaftari yalikuwa na njia zipatazo 20,000 katika 1994, na mwendo wao ukapoa kwa miaka kadhaa. Siku hizi zimepita 900,000.

Faida hiyo ilikuwa na bei. Ili mistari iunganike, mteja apaswa kuchukua namba katika fungu la kampuni inayomwunganisha. Akihamia kampuni nyingine, aziache namba zile na kubadili mashine zake zote. Namba imekuwa kama nyumba ya kupanga. Wengi walinung'unika, wala hatuwezi kusema walikosa. Lakini kama kila mtu angehama na namba yake, tungerudi kwenye daftari la makapela yote.

Tena waliowahi walikuwa wamekwisha kuchukua. Stanford walilirudisha fungu lao la daraja A mwaka 2000. Si wengi waliofanya hivyo. Maombi ya Afrika yalipelekwa Marekani na Ulaya mpaka mwaka 2005, AFRINIC, yenye makao katika kisiwa cha Morisi, ilipokubaliwa rasmi. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho yaligawiwa kwa mabara, moja moja, na Afrika nzima ikapata moja la /8. Fungu hilo ni sawasawa kabisa na lile ambalo chuo kikuu kimoja cha Marekani, MIT, kilipewa peke yake wakati wa ukarimu.

Namba mpya za biti 128, ziitwazo IPv6, ziliandikiwa hati ya kwanza Desemba 1995. Ni nyingi kupita tuwezavyo kuzitamka kwa Kiswahili. Hata hivyo hazina daraja A wala B wala C. Zagawiwa kwa mkwaju uleule, na kila kipande chatajwa pamoja na mpaka wake.