Mzigo wa Hewaukaa, Si Unyayo

Mwongozo wa maandalizi ya mikutano uliotolewa na taasisi moja unawataka waandaaji "wakadirie na kupunguza nyayo za kaboni za hafla." Anayejua kwamba kinachotafsiriwa ni carbon footprint ya Kiingereza ataelewa, lakini maneno hayo hayatakuwa yamemsaidia. Unyayo hauongezwi wala haupunguzwi. Unyayo hukanyaga, huacha alama, maji yakijaa hufutika. Tena kwa Kiswahili nyayo ni za kufuatwa. Wakenya waliimbishwa hivyo tangu 1978, Daniel arap Moi alipoahidi kufuata nyayo za Jomo Kenyatta, hata uwanja wa michezo wa Nairobi ukapewa jina hilo. Leo neno hilohilo la heshima tunalipaka moshi.

Kamati iliyopitisha tafsiri hiyo haikuuliza neno limetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel walikuwa wakikadiria ardhi inayohitajika kulisha na kuhifadhi maisha ya watu. Kwao unyayo ulifaa, kwa sababu walipima eneo, na eneo hupimwa kwa hekta. Miaka ya 2000 kampuni ya mafuta ya BP ikaueneza unyayo wa kaboni kwa matangazo, na hapo kipimo kilikuwa tani. Unyayo hauna tani. Kamati nyingine imepitisha "alama ya kaboni", bila kukumbuka kwamba kwa kila aliyepita darasani alama nyingi ni ushindi.

Kaboni nayo ina kasoro yake. Neno hilo limetokana na carbo la Kilatini, yaani makaa. Kiswahili kilikuwa na kaa na makaa, kikaongeza kiambishi u- kikapata ukaa, kisha hewaukaa, yaani kaboni dioksidi. Tofauti kati ya kaboni na hewaukaa si urembo: katika kila kilo 44 za hewaukaa, kaboni ni kilo 12 tu. Anayeandika tani moja ya kaboni akikusudia hewaukaa amekosea kwa zaidi ya mara tatu na nusu.

Napendekeza mzigo wa hewaukaa. Mzigo ni neno la Kibantu lenye ndugu wengi: Wanyarwanda na Warundi husema umuzigo, Wakikuyu mũrigo. Uzito umo ndani yake, na vitenzi vyake wasemaji wanavyo tayari. Mzigo hukadiriwa, hupunguzwa, hugawanywa, hutuliwa. Anayelipa watu wapande miti mbali huku yeye akiendelea kupanda ndege, tuna neno lake pia: amewatwika wengine mzigo wake. Mwenzetu mmoja anatetea shehena. Shehena ni ya biashara, na mwenye shehena hufurahi inapoongezeka.

Wala sioni sababu ya hafla, neno linalonukia ukumbi wa hoteli. Pwani, harusi ni shughuli, maulidi ni shughuli, hitima ni shughuli, na mwenye shughuli anajulikana. Basi iwe mzigo wa hewaukaa wa shughuli.

Matumizi yake ni mepesi. Kwenye mikutano ya kimataifa fungu kubwa huwa ni safari za ndege. Jenereta nyuma ya turubai ikinywa lita 40 za dizeli usiku mmoja imeongeza zaidi ya kilo 100, kwa kuwa kila lita hutoa takriban kilo 2.7. Nayo pilau iliyobaki ikioza damponi hutoa methani, na kilo moja ya methani huhesabiwa kama kilo 28 hivi za hewaukaa kwa kipindi cha miaka 100. Jumla yake ndiyo mzigo. Waandaaji wa Olimpiki ya Paris 2024 walilenga kupunguza mzigo kwa nusu ukilinganisha na wa London 2012 na Rio 2016. Karibu asilimia 95 ya viwanja vyao vilikuwa vilivyokuwapo au vya muda, na umeme ukavutwa kutoka gridi ili kuepuka jenereta za dizeli. Sentensi ya lengo lao iandikwe kwa unyayo, msomaji ajionee inavyochechemea. Nasi AFCON 2027 imekabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda, timu na mashabiki watavuka mipaka, na hesabu hiyo inastahili kuandikwa kwa Kiswahili kinachopimika.

Naambiwa nimechelewa, nyayo zimekwisha zoeleka. Miaka ya 1980 kule Kagera ugonjwa ulikuwa umekwisha kuitwa Juliana, na jina lilikuwa vinywani mwa watu. Jina jipya, UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, lilishika hata hivyo, kwa sababu lilieleza kinachotokea mwilini. Anayetetea nyayo aje na hoja ya namna hiyo. Kwamba kamati imepitisha si hoja.